Maneno ya Vita

Leo nimeanua shati lenye harufu ya chumvi, nikamkumbuka baba akirudi kutoka mashamba ya chumvi, Marereni. Alinikuta ukumbini nikikariri maneno ya Kilatini. Padri mzee alikuwa akinifundisha, nipate kusoma habari za vita vya kale. Baba akalichukua daftari, akasoma maana nilizoandika kwa Kiswahili: jeshi, adui, upanga, kuzingira.

"Haya ni ya nini, mwanangu?"

"Ya kusomea historia, baba."

Akachungulia dirishani, akalifunga. Mwaka ule watu walikuwa wakichukuliwa kwa sababu ya makaratasi tu.

"Na amani, waiitaje?"

"Hatujafika huko."

Akanitazama kama asiyenijua, kisha akaenda jikoni akalitia daftari motoni.