La Mlimani Halikutaka Samadi

Kobugabe alipohamishwa kutoka Isingiro kwenda kukaa kwa binti yake Bugene, alikuja na begi moja la nguo na kopo la mafuta ya kupikia lililojaa mawe. Begi alimwachia dereva. Kopo alilipakata mwenyewe njia nzima, juu ya miguu yake iliyovimba.

Katikati ya mawe yale lilikuwamo ua dogo, majani yake manene yamebanana chini kama kiganja kilichofumbwa. Alilitoa kwenye ufa wa mwamba, juu ya kilima cha Isingiro, mwaka ule alioolewa, na kwa miaka hamsini lilichanua buluu kila mvua zilipoanza. Jina hakulijua. Aliliita la mlimani, basi. Sasa kilima kilikuwa kinavunjwa kokoto, na shina jingine lililobaki nyumbani mbuzi walikwisha kulimaliza.

"Nikirudi Isingiro kuzikwa, narudi nalo," alimwambia binti yake, Benitha. "Mnilipandie kichwani."

"Mama, umefika leo tu, tayari unazungumzia kuzikwa?"

"Nazungumzia ua. Maji kidogo, asubuhi. Usilibembeleze."

Benitha alikuwa na miaka arobaini na sita, mwalimu wa shule ya msingi, na kibanja chake kilisifiwa hadi Kayanga. Migomba yake haikuijua njaa: samadi kila msimu, na juu ya samadi nyasi kavu za kufunika ardhi, nene mpaka mguu unazama. Hivyo ndivyo alivyojua kukipenda kitu kinachoota. Na aliyemfundisha alikuwa Kobugabe mwenyewe.

Benitha aliliweka kopo nyuma ya jiko, penye jua. Mama yake alikuwa hatoki tena chumbani ila kwa kushikwa mkono, hivyo utunzaji wa ua ulikuwa wa Benitha peke yake. Mwezi wa tisa jirani yake Speciose alipita kuomba chumvi, akaliona.

"Mwalimu, hiki nini? Mgeni wa mama yako umemlaza kwenye kokoto?"

"Ndivyo anavyotaka."

"Na ng'ombe wawili unao! Watu watasema hata kinyesi unakifungia kabatini."

Walicheka wote wawili. Lakini Speciose alipoondoka, Benitha alibaki amesimama pale, akilitazama lile ua dogo lililonywea, akaona aibu. Mchana ule, mama yake akiwa amelala, aliyamwaga mawe, akajaza kopo udongo mweusi wa migombani uliochanganywa na samadi, akalirudisha ua na kulifunika shingo kwa nyasi. Alifanya kwa mikono ya upole kabisa. Angemwambia mama siku likichanua.

Wiki tatu zilizofuata lilipendeza. Majani yaliongezeka mara mbili, yakawa laini na mabichi.

"La mlimani linaendeleaje?" Kobugabe aliuliza kutoka kitandani.

"Linanenepa, mama."

"Linanenepa? Mbona halijawahi kunenepa."

Benitha alikuwa anasahihisha madaftari. Alicheka tu, akaendelea kusahihisha. Baadaye alizirudia dakika zile mara nyingi kichwani: kama angeweka kalamu chini, akauliza, siku za kuliokoa zilikuwa bado zipo.

Mvua ya Novemba ilinyesha siku nne mfululizo. Siku ya tano alifunua nyasi. Shina lilikuwa jeusi, na majani yalimbakia mkononi kama mboga iliyochemka. Aliosha mizizi, akaipekua uzi kwa uzi akitafuta hata kipande kimoja kizima. Hakukuwa na kitu.

Jumamosi alipanda bodaboda hadi Isingiro. Chini ya kilima aliwakuta wavunja kokoto, akawaeleza ua analolitafuta na mwamba lilikokuwa likiota.

"Mama," mmoja akamwambia, nyundo begani, "kule juu hakuna juu tena."

Alipanda hata hivyo. Alizunguka hadi alasiri, akashuka mikono mitupu. Aliporudi nyumbani aliingia chumbani na viatu vya matope, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, ua limekufa. Nimeliua mimi."

Kobugabe alimtazama. "Uliliwekea nyasi?"

"Niliweka."

"Na samadi?"

"Na samadi."

Bibi yule alitoa kicheko kifupi, kikakatikia kifuani. "La kwanza nami nililiua hivyo hivyo. Sijamaliza hata mwezi kwenye ndoa. Baba yako alinicheka mpaka nikalia, kisha nikapanda kilimani kuchukua lingine."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nilikwambia usilibembeleze. Nilidhani umeelewa." Alimshika mkono. "Hukukosea zaidi yangu, mwanangu. Ila mimi nilikuwa na kilima cha kurudia."

Hakulitaja tena. Alifariki Februari, akapelekwa Isingiro. Ndugu waliokusanyika kaburini walijua habari ya ua, maana kila mmoja alikuwa ameagizwa na marehemu kwa mdomo wake, na mmoja baada ya mwingine walimfuata Benitha kuuliza liko wapi. Aliwajibu wote, kila mtu kwa wakati wake, wala hakuisingizia mvua.