Bateri ya Kamioneti

Nakumbuka Jumapili moja ya kiangazi, mwanangu, na kila ikinirudia natamani ingekuwa kumbukumbu ya mtu mwingine. Ziwa lilikuwa limetulia, milima ya Kongo inaonekana ng'ambo mpaka mikunjo yake. Mimi nilikuwa mke kijana, nimekaa ndani ya gari nyekundu isiyo na paa, kitambaa nimekifunga kichwani kwa mafundo mawili upepo usije ukakichukua. Nilikuwa na furaha. Hilo nalisema mapema kwa sababu wazee wengi wakisimulia ujana wao hujifanya walikuwa wanajua mambo yanakwenda wapi. Mimi sikujua kitu. Nilikuwa na furaha tu.

Wewe, ninayekuita mwanangu ingawa sikukuzaa, unayependa magari ya zamani, unayelala chini yake kila Jumamosi na kutoka umepakaa grisi mpaka kwenye nyusi, usifikiri nakuchukia. Mume wangu Selemani alikuwa hivyo hivyo, nami nilimpenda.

Gari ile ilikuwa ya Mugereki mmoja, mzungu wa Ugiriki, aliyekuwa na duka mjini Rumonge, tulimwita Musiyu Niko. Alipofunga duka kurudi kwao, akamwambia Selemani, "Chukua, haiwaki tena." Kweli ilikuwa haiwaki. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha shoferi. Ilikuwa na viti viwili tu, mdomo mrefu, na ilikaa chini sana, hata mbuzi akisimama kando yake anaitazama kwa juu. Pa kuweka mzigo hapakuwepo. Aliyeitengeneza aliitengeneza kwa ajili ya raha, basi.

Tulikuwa tunakaa Minago, kando ya ziwa. Selemani alikuwa shoferi na fundi wa kamioneti ya Mzee Kasongo, mfanyabiashara wa mawese. Kamioneti ile ilikuwa ya Mzee Kasongo kwenye makaratasi, lakini kwa matumizi ilikuwa ya Minago nzima. Wiki nzima ilishusha mawese kutoka mlimani. Mtu akiugua, ilimpeleka Rumonge hospitalini. Bibi harusi aliingia nayo kwa mumewe, na maiti ilirudi nayo kwao. Hakuna aliyelipa wala kuandika. Ulibisha tu mlangoni kwa Mzee Kasongo, naye, hata kama anakula, alijibu na tonge mdomoni: "Mumuite Selemani." Ndivyo tulivyoishi. Mwenye gari hakuwa na gari peke yake.

Jumamosi mchana, Selemani akishaegesha kamioneti, alivaa suruali yake iliyochakaa akaingia kwenye gari ya Mugereki. Karibureta aliifungua na kuifunga mpaka mimi mwenyewe, niliyeishia darasa la pili, nilijua vipande vyake. Palipovuja alikata kipande cha kandambili akaziba. Ngozi ya viti ilikuwa imepasuka kama visigino vya mkulima. Akaipaka mawese wiki baada ya wiki mpaka ikalainika. Kitenge changu kizuri kilipata doa la rangi ya chungwa ambalo halikutoka tena. Mke wa fundi huolewa pia na kazi ya fundi.

Siku ilipowaka mara ya kwanza watu walikuja kutazama. Mzee Kasongo naye akaja, akaizunguka, mikono nyuma.

"Selemani," akasema, "gari gani hii haibebi hata bidoni moja ya mawese? Hii iko kiatu. Na kingine kiko wapi?"

Watu wakacheka mpaka Mama Yakobo, muuza ndagala, vile vidagaa vya ziwani, akakaa chini. Tangu hapo gari ikaitwa Kiatu. Selemani alicheka nao, lakini nilimwona usoni. Mtu akichekwa kwa kitu anachokipenda, hukificha. Na mwanangu, mficha maradhi, kifo humfichua.

Maana gari ile ilikuwa na ugonjwa mmoja: bateri yake ilikuwa imekufa, na nyingine haikupatikana. Selemani akaanza kutoa bateri ya kamioneti Jumamosi jioni na kuirudisha Jumapili jioni. Nikamuuliza, "Mzee anajua?"

"Kesho Jumapili, Mama Sefu," akanijibu. "Kamioneti imelala. Nani atamwamsha aliyelala?"

Jumapili nyingi ilikwenda salama. Hapo ndipo ubaya ulipo. Kosa likikuadhibu siku ya kwanza ni rafiki yako, likikuvumilia, linakulea.

Asubuhi ya Jumapili ninayoikumbuka, tulimwacha mtoto wetu Sefu kwa wifi yangu Zainabu, mdogo wake Selemani, aliyekaa nyumba ya pili. Mume wake Athumani alikuwa amevuka ziwa kwenda Baraka, upande wa Kongo, kwa biashara. Zainabu alikuwa na mimba kubwa, lakini tulihesabu bado. Akasimama mlangoni, Sefu amemshika kiunoni, akaichungulia gari.

"Kaka, siku uchungu ukinishika utanipakia humu? Tumbo litabaki nje!"

"Wewe mwenye tumbo kama pipa la mawese?" Selemani akamjibu. "Wewe kamioneti yako iko pale, inakungoja."

Tukacheka sote watatu. Akatupungia mkono.

Tukaenda Rumonge. Tulipita taratibu sokoni ili tuonekane, sitakuficha. Tukashuka bandarini tukala samaki wa mukeke na ugali. Selemani akafungua kapo, kifuniko cha injini, vijana wa bandarini wakajaa. Mmoja anataka kusikia mngurumo, mwingine anauliza hiki ni nini, na yeye anaeleza, jasho linamtiririka, uso unang'aa. Nikamwambia twende, Sefu atalia. Akasema kidogo. Tukakaa mpaka jua likaanza kuinama.

Tulikuwa njiani kurudi, ziwa mkono wa kushoto, nilipoona mbele yetu kamioneti inakuja polepole sana, na watu wengi wameizunguka, wanawake kwa wanaume, vitenge vya kila rangi. Nikasikia wanaitikiana kwa sauti. Nikasema, "Harusi!" Nikajiinua kwenye kiti, nikashika kioo cha mbele, nikapiga kigelegele.

Mwanangu, nilipiga kigelegele kirefu. Nilikuwa na pumzi wakati huo.

Hawakuwa wanaimba. Walikuwa wanahesabu ili wasukume pamoja. Ilikuwa kamioneti ya Mzee Kasongo, imezimika, na waliisukuma kwa mikono kutoka Minago. Nawakumbuka wote, na nitawataja kwa sababu wengi wao hakuna tena wa kuwataja: Daudi mshona nyavu, Mama Yakobo, Hamisi na ndugu yake Rajabu, Ndayizeye mwalimu, Mariamu wa kwa Bilali, mzee Barnabé aliyekuwa na kifua kibovu, na Mzee Kasongo mwenyewe, bega lake mlangoni, kofia yake imeanguka njiani na hakuirudia. Nyuma, juu ya godoro, alikuwa amelala Zainabu.

Uchungu ulikuwa umemshika mara tu tulipoondoka. Walimtafuta Selemani, hayupo. Mzee Kasongo akasema ataendesha mwenyewe. Akazungusha ufunguo: kimya. Wakaisukuma iwake: kimya. Wakangoja kidogo, wakasukuma tena. Hakuna aliyefungua kapo, maana ile ilikuwa kazi ya Selemani na kila mtu alimwamini. Basi moja lilipita limejaa, halikusimama. Walipofungua kapo hatimaye na kuona mahali pa bateri pako wazi, jua lilikuwa utosini. Ndipo wakaamua kumsukuma hivyo hivyo.

Selemani aliruka na spana zake akaanza kulegeza bateri ya gari ya Mugereki airudishe. Boliti ikamponyoka. Mzee Kasongo akamwambia, "Wacha. Mumupakie kwako, haraka."

Nikashuka. Wakamweka Zainabu kwenye kiti changu. Kiti kile hakilali, na yeye alikuwa hawezi kukaa. Nikamwekea kitambaa changu nyuma ya shingo. Akanishika mkono, na mwanamke yule, katika hali ile, unajua aliniambia nini?

"Wifi, Sefu amekula."

Gari ikaondoka mbio. Ilikuwa na mbio nzuri, Selemani aliitengeneza vizuri. Zainabu alikata roho kabla hawajafika mlango wa hospitali, na mtoto hakutoka.

Tulimzika Minago, juu kidogo ya ufuko. Matanga yalipoanuliwa, Mzee Kasongo akaja nyumbani. Nilifikiri atapiga kelele, nikaomba apige. Alikaa kwenye kiti, akakataa maji, akasema polepole:

"Selemani, nilikucheka kwa ile gari yako."

"Ndiyo, Mzee."

"Ndiyo sababu hukuniomba bateri?"

Selemani akainamisha kichwa.

"Ungeniomba, ningekucheka tena. Halafu ningekupa. Na asubuhi ile ningejua kamioneti yangu haina roho. Ningetuma mutu na baiskeli Rumonge akuite, pale pale Zainabu alipoanza kulalamika. Bateri haikumuua dada yako. Tulishinda tunasukuma kitu hakiwezi kuwaka, tukiamini kitawaka. Hiyo ndiyo imemuua. Ulituachia imani, ukachukua bateri."

Kisha akatoa ufunguo wa kamioneti mfukoni, akauweka mkononi mwa Selemani, akamfumba vidole. "Kesho kuna mawese ya kushusha," akasema, akaondoka.

Angemfukuza kazi, labda mume wangu angepona. Kusamehewa kulimmaliza. Aliendesha kamioneti ile mpaka uzee, hakumkatalia mtu safari hata moja, na gari ya Mugereki hakuiwasha tena. Hakuiuza pia. Jumamosi mchana alivaa suruali ile ile, akafungua kapo, akasimama akitazama ndani, akaifunga. Sikuweza kumfariji. Athumani aliporudi kutoka Baraka alisikia habari akiwa bado ndani ya mtumbwi. Hakulala Minago hata usiku mmoja, akavuka tena, na hatujamwona mpaka leo.

Kwa nini nakwambia haya sasa? Selemani amekufa. Sefu alikua, akazaa, na mtoto wake wa kwanza, Ismaili, ndiye aliyeifufua gari ile. Kila wikendi yuko chini yake. Kijana mwenye akili, ana mikono ya babu yake, na ananiita Bibi kwa upendo. Lakini esansi, mafuta ya gari, siku hizi unaijua. Watu wanalala kwenye foleni na kurudi na chupa tupu. Hapa kwetu pikipiki inayotembea ni moja, ya Jerari, jirani yetu aliyerudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania, naye huweka akiba kwenye tangi kwa ajili ya wagonjwa. Ni kamioneti yetu ya leo. Na juzi nimemkuta Ismaili na mpira mdomoni, ananyonya esansi ya Jerari kuitia kwenye chupa.

"Jerari anajua?" nikamuuliza.

"Bibi, ni kidogo tu, hataona. Nitarudisha wiki ijayo."

Nilimsimulia yote niliyokusimulia. Alinisikiliza vizuri, kwa adabu, akaniambia pole. Jumapili akaondoka na gari. Nilitaka kumpeleka kwenye kaburi la Zainabu aweke mkono juu ya udongo, labda mkono ungesikia lililoshinda sikio. Lakini ziwa limepanda miaka hii, limechukua nyumba za chini na makaburi pamoja nazo. Ningemwonyesha maji tu. Mimi mwenyewe nimeenda kwa Jerari, kwa fimbo yangu, nikamwambia tangi lake limepunguzwa, alipime. Alinishukuru, "Murakoze, Mama," akatazama chini. Mjukuu wangu hanisemeshi tangu siku hiyo. Nimekubali. Sioni kama nimeponya kitu. Nimemwambia tu mtu asitegemee kitu kisichokuwepo.

Basi, mwanangu, shika hili, hata kama wa nyumbani kwangu hakulishika. Penda gari yako. Ifungue, ifunge, ikimbize kando ya ziwa, umpeleke mkeo aonekane. Raha si dhambi. Lakini usichukue kimyakimya kitu ambacho wengine wamekiegemea. Omba. Wakikucheka, wacha wakucheke. Kicheko hakijawahi kumzuia mwanamke kujifungua. Na ukiwa umeshachukua, sema. Sema hata kama ni aibu, hata kama umechelewa, sema kabla jua halijapanda, ili watu wajue wasukume nini na waache nini. Nguo ya kuazima haisitiri makalio, walisema wazee, na iliyochukuliwa bila kuazimwa humvua nguo hata mwenyewe.

Sina tumaini kubwa kwamba maneno huzuia kitu. Nimeyasema maisha yangu yote, na vijana wameniitikia "ndiyo, Bibi" wakiwa tayari wamewasha gari. Hata hivyo mdomo wa mzee haujui kazi nyingine. Mungu akupe mwendo mzuri na breki zinazoshika. Akupe jirani wa kukucheka mbele ya macho yako, na wewe akupe uso wa kuvumilia. Watu watakapokuja mbio mlangoni kwako, wakukute upo. Na kigelegele chako, mwanangu, kisitoke ila penye harusi. Amina.