Kidoa Chekundu cha Mama Vibao

Mtaa mzima ulimwita Mama Vibao. Kwa miaka ishirini na sita aliandika vibao vya maduka: bucha, saluni, fundi viatu, hata daktari wa meno mwenye jino linalocheka. Kila mpita njia alisoma mkono wake, na hakuna aliyeuliza ni mkono wa nani. Kisha shemeji yake, mdogo wa mumewe, akafungua duka la mashine ya kuchapa mabango. Kibao kilichomchukua yeye siku tatu kikawa kinatoka mashineni kabla chai ya mteja haijapoa. Watu si wajinga, wakahamia huko.

Ndipo akaanza kuchora picha za kwake mwenyewe, zisizotangaza nyama wala viatu. Alichotaka hakikuwa kikubwa, jamani: mtu mmoja tu, asiye ndugu wala jirani, aipende picha yake kiasi cha kuitundika nyumbani kwake. Alikuwa ameshakwenda maonyesho mawili ya sanaa, na picha zote zilirudi kama zilivyokwenda.

"Kizuri chajiuza, shemeji," yule wa mashine alikuwa akimtania. "Kibaya ndicho chajitembeza."

Mwisho wakakubaliana mbele ya mumewe: akienda mara ya tatu asiuze hata moja, basi, aweke brashi chini akafanye kazi kwenye mashine.

Safari hii walimpa kona ya nyuma ya ukumbi, jirani na choo. Akazitundika picha zake kwenye wavu wa chuma, akakaa. Siku nzima watu walimjia kuuliza choo ni mlango upi. Mmoja tu ndiye aliyesimama: mwalimu mstaafu, mama mtu mzima aliyevaa miwani yenye kamba. Aliiangalia picha ya wanawake wawili wanaosukana kwenye benchi mpaka miguu ikachoka, akaomba kiti.

"Huyu anayesukwa anaumia," akasema, "ila hataki kusema."

"Ndiyo, mama. Umemwona."

"Dada yangu alikuwa hivyo hivyo."

Akaondoka bila kuuliza bei. Mama Vibao akajua ndiyo basi.

Jirani yake wa meza, mfinyanzi aliyekuwa akiuza vyungu mfululizo, alimwonea huruma. Wakati wa kufunga akampa karatasi ya vidoa vyekundu, vile vinavyobandikwa kando ya picha iliyokwisha kununuliwa.

"Dada, watu hawapendi kuwa wa kwanza. Bandika viwili vitatu. Wakiona wenzao wamenunua, wataamka."

"Si uongo huo?"

"Uongo gani? Unadhani vidoa vyote vya humu vimebandikwa na wateja?"

Kesho yake asubuhi akabandika vitatu. Akawaza kwamba hakuna atakayeamini kuwa picha nzuri imeachwa na za kawaida zimenunuliwa, hivyo kimoja akakiweka kwenye ile ya kusukana. Hilo ni kosa la mchoraji hasa. Aliipanga meza yake kama anavyopanga picha, chekundu kikae pale jicho linapotua.

Na dawa ikafanya kazi, usicheze! Watu wakajazana, wakapiga picha, wakaulizia ile ya wanawake tu. "Samahani, imeshakwenda," Mama Vibao aliwajibu, na jinsi neno lile lilivyomnogea, alilirudia hata kwa ambao hawakuuliza.

Alasiri mwalimu akarudi na mumewe. Mkononi alikuwa na kipande cha karatasi chenye vipimo vya ukuta wa sebuleni kwake. Aliona kidoa kabla hajasalimia.

"Nani kaichukua?"

Mimi ningesema mnunuzi ameghairi, nikafunika uongo mkubwa kwa mdogo, mambo yakaisha. Mama Vibao alimtazama usoni, akashindwa.

"Haijachukuliwa, mama. Nilibandika mwenyewe. Niliambiwa watu hawapendi kuwa wa kwanza." Akakibandua kwa kucha.

Mume wa mwalimu akatazama vidoa viwili vilivyobaki, akaangua kicheko. "Kumbe hata wateja mnawachora!"

Mwalimu hakucheka. "Mimi nilikuwa wa kwanza," akasema taratibu. "Jana. Hukuniona?"

"Nilikuona, mama. Picha ni ile ile. Ichukue. Ichukue hata bure."

Hapo ndipo alipojipalia makaa.

"Hapana, mwanangu. Mtu akishanidanganya, kitu chake sikiangalii tena kwa raha. Na hii ningeiangalia kila siku."

Akamshika mkono kidogo, kama anayemuaga mgonjwa, akamfuata mumewe. Mama Vibao alibaki na kidoa kimemganda kwenye kidole, na watu wakaendelea kumuuliza choo.

Nyumbani mumewe alitoka kumsaidia kushusha picha. Hakuhitaji kuzihesabu kujua zimerudi zote.

"Hata moja haikupata mtu?"

"Moja ilipata."

"Sasa mbona imerudi?"

"Nilisema imeshauzwa."

Mumewe hakuelewa, naye hakuwa na nguvu ya kueleza. Jumatatu Mama Vibao akaenda dukani. Alikuwa amejiandaa kwa kejeli, lakini shemeji hakumtania hata kidogo. Alimvutia kiti, akakipangusa, akamwelekeza kitufe cha kuwashia kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliomliza.