Nta kwenye Zulia la Mkuu

Juzi, katika ofisi moja ya Muleba, nilimkuta katibu muhtasi amepiga magoti akikwangua nta kwenye zulia la mkuu wake. Mshumaa aliuwasha yeye umeme ulipokatika, na sasa mgeni kutoka Bukoba yuko njiani. Akatandaza gazeti juu ya doa, akainua pasi ya mkaa.

“Ndugu, ngoja!” karani mmoja akamzuia, akionyesha picha gazetini. “Utampiga Waziri pasi usoni?”

Katibu akafunua ukurasa mwingine. Hapo palikuwa na Waziri mwingine, akikagua migomba.

“Mgeni akiliona doa hili, atakayehamishwa ni mimi, si Waziri!” katibu akalalamika.

Wakapekua wote wawili mpaka wakapata ukurasa usio na kiongozi: wa safu hii. Pasi ikapita, karatasi ikanyonya nta yote.

Wanaoniuliza safu hii inalifaa nini taifa, leo ninalo jibu.