Moyo na Mtima Mbele ya Mizani

Mwaka wangu wa tatu chuo kikuu Durban nilikwama kwenye neno moja. Nilikuwa natafsiri kwa Kiswahili, moja kwa moja kutoka maandishi ya Misri ya kale, maneno waliyoandikiwa wafu ili wajitetee kuzimu. Wamisri waliamini kwamba marehemu hufikishwa barazani, moyo wake ukatiwa mizanini, na upande wa pili ukawekwa unyoya wa haki. Moyo ukizidi uzito kwa maovu, mnyama wa kutisha aliyeotea chini ya mizani anaumeza, na mwenyewe anakuwa hayupo tena, si duniani wala ahera. Ndiyo maana maiti alizikwa na maneno ya kuubembeleza moyo wake usimgeuke na kumshtaki.

Taabu ni kwamba Wamisri walikuwa na maneno mawili ya moyo, na katika dua hiyo yamekaa bega kwa bega. Mimi nilikuwa na moja.

Profesa aliyenisimamia alinishauri kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko tusi. "Labda lugha yako haikuumbiwa kazi hii. Andika kwa Kiingereza, umalize."

Nilirudi Berea, mtaa niliokaa, nimevimba kwa hasira. Nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja Mkongomani, msusi wa nywele, mtu wa kanisa hasa. Mambo yangu ya Farao hayakumpendeza. Nyumbani kwake picha za miungu wenye vichwa vya mbwa zilitakiwa zilale kifudifudi. Siku hiyo nilimkuta jikoni akitwanga sombe, kisamvu cha kwao.

"Iko nini? Sura yako iko sawa ya mutu mwenye kufiwa."

"Neno tu, Mama. Limenishinda."

"Nisomee."

Nikamsomea nilipofikia: maiti anausihi moyo aliopewa na mama yake usisimame shahidi dhidi yake. Mchi ukatulia.

"Moyo ya mama yake?"

"Ndivyo walivyoandika, Mama."

Aliuweka mchi kando. Nilijua sababu. Mama yake alifariki Lubumbashi mwaka uliotangulia, na yeye, kwa kuwa karatasi zake za ukimbizi zilikuwa bado hazijatoka, hakuweza kwenda kumzika.

"Na neno ya pili?"

"Moyo vilevile. Hapo ndipo nilipokwama."

Akacheka mpaka akashika meza. "Eish, mwanangu! Kwa luga ya baba yangu moyo haiko nyama. Moyo ni uzima, tunasalimia nayo asubui. Ile yenye inapiga mu kifua, ile njo mutima!"

Mtima! Mashairi ya zamani tuliyokaririshwa sekondari yalijaa neno hilo, nami nikalidhani pambo la washairi tu. Nilimkumbatia na majani ya sombe mikononi mwake. Jioni hiyohiyo mstari ulikaa: moyo kwa ule unaokusudia na kukumbuka, mtima kwa ule wa nyama. Katika miezi iliyofuata tafsiri nzima ikatiririka.

Siku ya kuitetea kazi yangu, mama alifunga saluni akaja, amejitanda mabegani kitenge chake cha Pasaka. Aliomba kimyakimya kwanza, kisha akaketi nyuma. Nilisoma dua ile kwa Kiswahili, halafu nikaieleza kwa Kiingereza. Mtahini mmoja akaniuliza kama maneno hayo mawili yanatofautiana kweli kwa watu walio hai, au nimeyatenganisha mezani kwangu.

Ningeweza kumjibu kwa kamusi. Badala yake niligeuka. "Mama, tafadhali, waelezee."

Alisimama bila kusita, akajipiga kifuani. "Hii ni mutima. Siku moja itasimama. Mama yangu alikufa, sikumuzika. Mutima yake iko mu udongo kule kwetu. Lakini moyo yake hii apa, njo inaongea na ninyi."

Kisha akataja jina la mama yake, majina yote matatu, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Nilitafsiri. Nikawaambia pia kwamba Wamisri waliamini mfu anaishi kila jina lake linapotamkwa.

Profesa wangu akainuka, akaenda ubaoni, akaandika MOYO na MTIMA kwa herufi kubwa. Akamgeukia mama. "Nimeandika sawasawa?"

Nikamtafsiria. Mama akaukagua ubao, akatikisa kichwa kukubali.

"Basi nilikosea mimi," profesa akasema, "lugha haikukosea."

Nilifaulu, na hawakunirudishia hata ukurasa mmoja wa kusahihisha. Tuliteremka kilima kwa miguu, mama ameshika viatu mkononi, na roboti, kama wanavyoziita huko taa za barabarani, ilipowaka nyekundu na magari yakasimama, alijitupa katikati ya barabara na kupunga kitenge chake.

"Tumepasi!" aliwapigia kelele madereva. "Mimi na mutoto wangu, tumepasi!"

Hawakujua ni mtihani gani, lakini dereva wa teksi ya mbele alipiga honi, wa nyuma yake akapiga, na barabara nzima ikatupokea.