Siku Bwana Harusi Alipotulia

Wanafunzi wake walimwita Mama Hatamu, na jina likamkaa kama alizaliwa nalo. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkavu, mwenye sauti isiyopanda hata mtu anapoanguka chini kama gunia mbele ya macho yake. Alifundisha kupanda farasi kwenye zizi lililo pembezoni mwa mji, pale lami inapokata tamaa na kuyaachia mashamba njia. Zizi hilo walilijenga yeye na mumewe. Yeye ndiye aliyechanganya saruji, mume ndiye aliyepanga matofali, na jioni walikuwa wakibishana ni nani kachoka zaidi.

Mume alifariki ghafla, moyo ukamsimama akiwa anafunga lango. Baada ya mazishi ndipo ilipojulikana kwamba ardhi na mabanda yote yalikuwa kwa jina la mdogo wa marehemu. Hakuna aliyemdhulumu waziwazi. Shemeji yake alimwambia tu, kwa upole, abaki afundishe kama zamani, nyumba awaachie yeye na familia yake, na achukue kile chumba kilicho karibu na ghala la majani makavu. Mama Hatamu alijikaza kisabuni, akahamia huko. Kila alichovaa kilinuka majani, na panya walizoea kumpita miguuni bila hata salamu.

Miongoni mwa farasi waliobaki alikuwepo mmoja ambaye mumewe alimnunua mwezi uleule wa kufa kwake. Alikuwa mwekundu wa kukoza, mwenye soksi nyeupe miguu yote na baka jeupe usoni, akitembea kama anayesubiri kupigwa picha. Wakamwita Bwana Harusi. Bandani alikuwa malaika. Watoto walimvuta mkia, paka alilala mgongoni kwake, naye anatafuna tu. Shida ilianza pale mtu alipokaa juu yake.

Si kwamba alikuwa mkali. Hakuuma wala hakupiga mateke. Aligutuka tu, na hakuna aliyeweza kujua atagutuka lini wala kwa nini. Angepita kando ya trekta linalonguruma bila kugeuza hata sikio. Kesho yake, mahali palepale, ndege mdogo anatua kwenye uzio, na kufumba na kufumbua Bwana Harusi yuko upande wa pili wa njia, mpandaji yuko chini akihesabu mawingu. Mkufunzi msaidizi, kijana mwenye mbwembwe zake, alipanda mara moja tu. Aliporudi kwa miguu akiwa na udongo mdomoni, akasema yule si farasi, ni mtego wa panya wenye singa.

Mama Hatamu hakucheka. Alibadilisha tandiko, akidhani linamchoma. Akamtazama meno, akamkanda mgongo kidole kwa kidole, akampunguzia nafaka. Akamwita daktari wa mifugo, ambaye alimmulika macho na masikio, akamkimbiza uwanjani akimsikiliza pumzi, kisha akanawa mikono na kusema mnyama hana ugonjwa wowote. Ana woga tu, na woga hauna sindano.

Basi akaamua kumpanda mwenyewe, kila asubuhi. Wiki za mwanzo alikaa juu yake roho mkononi. Alikaza hatamu, akabana magoti, macho yakitafuta njia nzima kile kitakachomshtua. Akaangushwa mpaka mbavu zikapata ufa, na kwa muda mrefu akawa anapumua kama mtu anayeiba hewa. Ni wakati amelala chali chumbani, akiuguza zile mbavu, ndipo alipofikiri kwamba farasi hakuwa peke yake katika kuogopa. Kila yeye alipokaza hatamu, mnyama aliambiwa kuna jambo. Na akiambiwa kuna jambo, atalitafuta mpaka alipate.

Alipopona, akaanza upya. Alilegeza mikono. Farasi akisita, hakumkaripia wala hakumlazimisha. Alimgeuza kichwa taratibu, akamzungusha duara, akaendelea na safari kama vile wote wawili waliamua kupitia huko. Na akawa anaongea naye. Mwanzoni ilikuwa ili apate kupumua sawasawa, maana mtu akiongea hawezi kubana pumzi. Baadaye ikawa mazoea. Alimsimulia habari za siku: nani kakosea kufunga mkanda, mke wa shemeji kasema nini, mabati ya ghala yanavuja upande gani. Ni mambo ambayo zamani alimwambia mumewe wakila. Tangu afiwe, hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Bwana Harusi akapata nafuu. Nafuu, si kupona. Siku nyingi zilipita bila kisa, halafu siku moja, bila sababu, anaruka kama kakanyaga moto. Mama Hatamu alikuwa anakaa naye tu, akirudi katikati ya tandiko kama kofia iliyosogezwa kidogo na upepo. Alimwambia shemeji yake waziwazi kwamba huyu apandwe na yeye peke yake. Shemeji akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu wa kuitikia kwa kichwa.

Shemeji huyo alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Na katika wateja wa zizi alikuwepo daktari wa meno, mtu mzima mwenye kitambi cha heshima, mpole, aliyeanza kujifunza ukubwani kwa sababu, alivyosema mwenyewe, amechoka kutazama midomo ya watu. Mama Hatamu alimpenda mwanafunzi huyo. Alisikiliza, hakujifanya anajua, na akimaliza somo alimpigapiga farasi shingoni na kumwambia asante. Huyu daktari ndiye aliyemtamani Bwana Harusi. Kila asubuhi alimwona anapita na mwalimu wake mgongoni, hatamu zimelegea, anakwenda kama maji. Akamfuata shemeji. Shemeji naye, badala ya kusema hapana, akamwambia njoo kesho umwone akipandwa.

Mama Hatamu aliambiwa asubuhi hiyohiyo, tandiko likiwa tayari mkononi. Hakubishana. Alifikiri moyoni kwamba hakuna haja ya maneno, farasi mwenyewe atajieleza.

Siku ile palikuwa na upepo. Jirani alikuwa anapigilia mabati juu ya paa, nyundo zinalia kama vita. Mama Hatamu akampitisha farasi karibu na paa lile. Akatembea. Akampitisha kwenye mapipa ya maji, ambayo wiki iliyopita tu yalimfanya aruke ukingo wa mtaro. Akatembea. Mfuko wa plastiki ukapeperuka kutoka jalalani, ukampita chini ya tumbo ukipigapiga. Farasi aliuinamia kidogo, kama mtu anayemtazama mtoto mtundu, akaendelea. Mama Hatamu akakaza hatamu makusudi. Akabana magoti. Kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, alimwomba aruke. Alimwomba kwa sauti ya chini, akimwinamia sikioni. Bwana Harusi akageuza sikio moja kumsikiliza, akapiga shoti fupi, laini, akasimama mbele ya mnunuzi kama amefundishwa kuamkia.

Daktari alikuwa anatabasamu kama mtoto. Mama Hatamu akashuka.

"Daktari, huyu usimchukue," alisema. "Hivi ndivyo alivyo leo. Kesho atakutupa kwa ajili ya kipepeo, na mimi siwezi kukwambia ni kipepeo gani."

Daktari alimtazama shemeji, kisha akamtazama yeye kwa huruma. Mama Hatamu hakuelewa ile huruma inatoka wapi. Alikuja kuelewa baadaye kwamba maneno yake yalikuwa yamezikwa tangu jana yake. Shemeji alikuwa amemnong'oneza mnunuzi kwamba yule mama atajaribu kumkatisha tamaa, kwa kuwa farasi ni wa marehemu na hawezi kuachana naye, na kwamba amvumilie tu, ni msiba.

"Mwalimu, naelewa," daktari alisema. "Ukimkumbuka, njoo umwone wakati wowote. Nyumba yangu ni yako."

"Sisemi kwa ajili yangu."

"Najua, Mwalimu."

Ilikuwa kweli kwamba alimwonya kwa ajili ya usalama wake. Ilikuwa kweli vilevile kwamba akimfikiria yule farasi akipakiwa kwenye lori, hakujua habari za siku angemsimulia nani. Machozi yakamtoka bila ruhusa, na yalipotoka tu, kesi ikaisha. Shemeji akamshika bega kwa upole mbele ya mgeni. Mama Hatamu alitamani kuung'ata ule mkono.

Hakukaa kimya. Baada ya farasi kuchukuliwa, alikwenda kwenye kliniki ya daktari, akakaa kwenye benchi katikati ya watu walioshika mashavu. Zamu yake ilipofika, daktari akamkalisha kwenye kile kiti kinacholala, maana hakukuwa na kiti kingine, akamsikiliza. Mama Hatamu alieleza yote bila chozi hata moja: mbavu zake, ndege wa kwenye uzio, jinsi ya kuzunguka duara, jinsi ya kulegeza. Daktari akamwambia kwamba wamekwenda mpaka mtoni na kurudi, na tena wamekwenda, na farasi hajatikisa hata mkia. Akamshukuru. Akamwambia kama ana jino linamsumbua, asisite. Mama Hatamu akarudi kwa miguu njia yote, akijiona kama mtu anayegonga mlango uliochorwa ukutani.

Ilitokea kwenye njia tupu, tambarare, asubuhi ya jua. Hakukuwa na mbwa, hakukuwa na upepo. Mke wa daktari alikuwa anawafuata nyuma kwa baiskeli na aliona kila kitu, nacho hakikuwa kitu. Farasi aliruka kando, daktari akabaki hewani, kisha akatua juu ya mkono wa kulia. Kifundo kilisagika. Walimfanyia upasuaji, wakamtia vyuma, na mwisho wakamwambia vidole vitashika kijiko, vitashika mswaki wake mwenyewe, lakini kazi ile aliyoifanya maisha yake yote aisahau.

Alikuja zizini mkono ukiwa umening'inizwa shingoni. Mama Hatamu alikuwa anafagia ujia wa mabanda. Alisimama akiwa ameshika ufagio, akasubiri.

"Uliniambia," daktari alisema.

"Nilikwambia."

"Lakini mara ya kwanza ulilia. Ungesema bila kulia, ningekusikia."

Mama Hatamu akamkumbusha kwa upole kwamba siku ya kliniki hakulia. Daktari akasema siku ile alikuwa amekwishaamua. Halafu akaangalia chini, akaondoka. Hakumtukana. Angemtukana, Mama Hatamu angejua la kufanya na matusi yake.

Shemeji alikataa kumpokea tena farasi. Kwa kila aliyeuliza, alisema yeye si mtaalamu, alitegemea neno la mwalimu aliyemfundisha mnyama huyo kwa mkono wake. Wala hakuwa anasema uongo mtupu, alikuwa anachagua tu maneno ya kuacha nje. Wazazi wakaanza kuwaondoa watoto wao, mmoja baada ya mwingine, wengi bila kuaga.

Kwa daktari, mke alisema hawezi kulala na yule mnyama uani. Hakuna aliyetaka kumchukua hata bure. Daktari wa mifugo akaitwa, yule aliyesema woga hauna sindano, na safari hii alikuja na sindano. Bwana Harusi alikataa kushikwa na mtu yeyote pale, kwa hiyo wakamtuma mtu kwenda kumwita Mama Hatamu.

Alikwenda. Wangemwita mwingine, farasi angepigwa, na angekufa akiwa amezingirwa na watu wanaopiga kelele. Alimkuta amebanwa kwenye kona ya ukuta, amelowa jasho. Akamshika kamba, akailegeza, akaanza kumpa habari za siku, kama kawaida. Alimwambia mabati yametengenezwa. Alimwambia kijana mwenye mbwembwe sasa ndiye mwalimu mkuu. Farasi akashusha kichwa mpaka kikamgusa tumboni, akatoa pumzi ndefu. Sindano ikaingia. Hakugutuka hata kidogo. Daktari wa mifugo akasema, kwa nia njema, kwamba hajawahi kuona mnyama mtulivu namna ile. Mama Hatamu akamwomba asiseme tena.

Jumatatu iliyofuata shemeji alimwambia kwamba kwa hali ilivyo, ingekuwa vizuri apumzike kidogo, mpaka watu wasahau. Alisema hivyo akiwa amesimama mlangoni mwa chumba cha ghala, funguo zikimning'inia kidoleni. Mama Hatamu alimuuliza jambo moja tu: kama siku ile ya kumnong'oneza daktari alijua kwamba anadanganya.

"Shemeji," akajibu, "kwani hukumpenda yule farasi?"

Hilo ndilo linalomrudia mpaka leo, akiwa kazini kwenye bustani ya kuuza miche, kando ya barabara kuu. Anajaza udongo kwenye mifuko, anasukuma toroli, anamwagilia. Ni kazi safi, na miche haiogopi kitu. Daktari aliuza kliniki, akahamia kwa mwanawe. Zizi bado lipo, limepakwa rangi mpya.

Juzi walikuja wanawake wawili kununua mawaridi. Mmoja alimtazama sana, akamvuta mwenzake pembeni, lakini hakujua kunong'ona. Akasema ndiye huyuhuyu, aliyemsukumia yule daktari farasi kichaa, akamharibia maisha, na sasa anajifanya mtu wa maua. Mama Hatamu alisikia yote. Alifunga mizizi ya miche yao kwa magazeti yaliyoloweshwa, akaibeba mpaka kwenye gari lao, akawaambia wasiimwagilie mchana. Yule aliyenong'ona aliitikia haraka haraka, bila kumwangalia usoni, akafunga mlango.