Radhi ya Dakika Themanini

Jaku amepanga samaki kwenye barafu pale soko la Malindi miaka ishirini na tisa, na mlango wa chumba chake haugongwi ila na mwenye nyumba. Mke alishafariki, mtoto hawakujaaliwa. Ndugu anaye mmoja tu, Simai, huko kwao Tumbatu, naye hajamsemesha miaka saba, tangu Jaku alipokosa maziko ya mama yao. Siku ile samaki walikuwa wengi, hakutaka kuwaacha. Ndiyo sababu yenyewe, samaki! Mtu mzima na akili zake.

Vali ya moyo wake ilipolegea, damu ikawa inarudi ilikotoka na yeye kuhema hata akivaa viatu, alipelekwa hospitali Dar es Salaam. Daktari Shaima, mtoto wa Kikwajuni, mji mmoja na Jaku, alimweleza kuwa hawatampasua kifua kizima. Watapita kwenye tundu dogo ubavuni, mashine isukume damu, na moyo waulaze kwa dawa ya baridi.

"Nyama ya moyo ikikosa damu inaharibika, mzee wangu. Ikilala kwenye baridi haitaki chakula kingi, inasalimika. Na kila baada ya muda tunaipa dawa tena."

"Kama samaki wangu," alisema Jaku. "Ila wangu hawaamki."

"Huu utaamka, inshaallah."

Jioni ile alimpigia simu Simai. Daktari alikuwa amesema moyo utalazwa. Jaku akasema, "Kesho moyo wangu unasimama. Nnataka radhi yako."

Uongo hakusema. Lakini ni Mswahili huyu, anajua fika kuwa moyo ukisimama watu wanatafuta sanda. Alilitaka neno lile limfanyie kazi, na likamfanyia. Simai alilia kwa sauti.

"Nshakusamehe, kaka. Duniani na akhera."

Kaka! Miaka saba hakuitwa hivyo. Jaku alilala akitabasamu peke yake wodini.

Moyo ulilala dakika themanini. Ulipopata damu ya moto uliamka wenyewe, bila kushtuliwa kwa umeme, na Shaima alisema nyama yake haikudhurika hata kidogo. Siku ya saba muuguzi akamuuliza nani atakuja kumchukua.

"Ndugu yangu," alijibu Jaku kwa majivuno, akapiga simu hapo hapo. "Simai, mimi Jaku. Nshapona."

Simai aliuliza:

"Si ulisema moyo unasimama?"

"Ulisimama. Wakauamsha."

"Mimi nlimsamehe mtu anayekufa, Jaku. Wewe u mzima, na mama bado hukumzika."

Simu ikakatika. Muuguzi alikuwa bado amesimama na karatasi yake, anangoja jina.

"Andika n'takwenda mwenyewe," alisema Jaku.

Upweke ulimuuma kuliko kidonda. Aliweka mkono kifuani. Moyo ulikuwa unapiga vizuri kabisa, na hakuwa na wa kumwambia.